Siku yangu na vazi la John Glenn

Saa moja asubuhi, Chantilly, Virginia. Kabla ya chai nasoma vipimo vya ghala la makumbusho ya Smithsonian tunamohifadhi mavazi ya anga: joto nyuzi 17, unyevu asilimia 30 hivi. Baridi hii ndiyo dawa yetu kubwa. Raba iliyo ndani ya mavazi haya haikutengenezwa idumu miaka sitini. Inakakamaa, inapasuka, tena inatoa mvuke wenye asidi unaokula kitambaa na chuma kilicho karibu.

Saa mbili. Leo ni zamu ya vazi alilovaa mwanaanga Mmarekani John Glenn tarehe 20 Februari 1962, alipoizunguka dunia mara 3 ndani ya chombo cha anga Friendship 7. Tunalibeba watu wawili hadi mezani, taratibu, kama mgonjwa.

Mpaka saa tano nimeliinamia na tochi. Kwa nje ni nailoni iliyopakwa alumini, inang'aa kama ubavu wa kibua aliyetoka majini sasa hivi. Naangalia zaidi mikunjo ya viwiko na magoti, kwani ndipo rangi ya fedha huanza kubanduka. Kwenye glavu nakawia kuliko kazi inavyodai. Ncha za vidole zimetiwa vitaa, ili Glenn asome vyombo vyake akipita upande wa dunia ulio gizani. Aliyewaza hilo alimfikiria sana mtu yule peke yake kule juu.

Saa sita nampigia mama. Unguja ni saa mbili usiku, ameshaswali. Mama ni mtoto wa Tunguu, na Tunguu ndiko Wamarekani walikojenga kituo cha kufuatilia safari za mradi wao wa anga wa Mercury, aliorushwa nao Glenn, kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Glenn alipopita juu ya Zanzibar, mapigo ya moyo wake yalipokelewa pale, kutoka kwenye nyaya zilizopita ndani ya vazi hili hili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Namweleza niko na nguo ya nani. Ananyamaza kidogo.

"Bado ipo? Basi ifunike vizuri, isipigwe baridi."

"Haya mama."

Mchana wote ni picha na kuandika ripoti.

Saa kumi tunalilaza chali, mikono imenyooshwa. Nalifunika kwa kitambaa cheupe cha pamba. Shingoni na mikononi naacha wazi, mvuke upate pa kutokea.