Tarakimu sitini mezani

Wiki iliyopita mimi na rafiki yangu tuliweka simu zetu mezani, tukasomeana tarakimu 60 za namba ya usalama ya Signal, programu ya kutumiana ujumbe, tano tano, mpaka fungu la kumi na mbili. Alicheka kwamba tumekuwa makarani wa kuhakiki hesabu, lakini hakuruka hata tarakimu moja.

Ujumbe mfupi wa kawaida, yaani SMS, ambao wa kwanza ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, haukubuniwa kwa ajili ya kutunza siri. Usimbaji wake, yaani kuugeuza ujumbe kuwa fumbo, huishia kwenye mnara wa simu; ukishaingia katika mitambo ya kampuni ya simu, ujumbe huwa wazi kwa yeyote awezaye kuifikia. Hata kipande hicho cha njia kina mashaka, kwa kuwa A5/1, fumbo lililotumika miaka mingi katika mitandao ya GSM, yaani ya simu za kizazi cha pili, udhaifu wake ulionyeshwa hadharani mwaka 2009. Ndiyo maana hunishangaza kuona benki zikiendelea kutuma namba za siri za muda kwa njia hiyo.

Usimbaji fiche wa mwisho hadi mwisho, ambao huwaachia wanaowasiliana tu uwezo wa kusoma ujumbe, hufuata njia nyingine. Kila simu hutengeneza funguo mbili, mmoja wa wazi unaogawiwa wengine na mmoja wa siri usiotoka ndani ya simu, kisha kwa hesabu iliyochapishwa na watafiti Diffie na Hellman mwaka 1976, simu mbili hupatana siri ya pamoja bila siri yenyewe kupita njiani. Katika itifaki ya Signal, yaani kanuni zake za mawasiliano, ambayo WhatsApp nayo huitumia, kila ujumbe hupata ufunguo wake, hivyo atakayeiba ufunguo wa leo hawezi kuufungulia ujumbe wa jana.

Linabaki swali moja, nalo ndilo lililotukalisha mezani: nitajuaje kwamba ufunguo wa wazi niliopewa na seva, yaani kompyuta ya huduma inayotuunganisha, ni wa rafiki yangu kweli, si wa mtu aliyejipenyeza katikati? Namba ya usalama hukokotolewa kutokana na funguo za pande zote mbili, kwa hiyo angekuwapo mpenyezi, tarakimu zetu zisingelingana. Namba hiyo huweza kubadilika pia mwenzako anaposakinisha programu upya au kuhamia simu nyingine, na hapo programu hutoa taarifa ambayo, nakiri, nimeipuuza mara nyingi. Siku hizi hupiga simu kuuliza.

Nakala rudufu, yaani nakala za mazungumzo zinazohifadhiwa nje ya simu, ni mlango mwingine wa kuvuja siri: WhatsApp imeruhusu kuzisimba tangu 2021, lakini ni lazima mwenyewe uwashe kinga hiyo.

Tulipomaliza kuhakiki, simu ya rafiki yangu, ikiwa imefungwa, iliwaka kioo, na ujumbe wa dada yake ukajitokeza mzima mbele yangu. Niliusoma kabla sijageuza macho. Tukaanza kutafuta mipangilio ya arifa.