Jehanamu Haifiki Nyuzi 445

Kiberiti, kwa Bibi yangu, kilikuwa kile kisanduku alichokifunga kwenye pindo la kanga. Kwa hiyo Jumamosi moja jioni, mwaka 2001, mwenyekiti wa jumuiya aliposoma Ufunuo 21:8 na kufika kwenye "ziwa liwakalo moto na kiberiti", nilijiona mimi peke yangu ndiye niliyeelewa kinachozungumzwa. Nilikuwa kidato cha nne, na wiki ile ile tulikuwa tumemaliza mada ya salfa.

Zamu ya kusali ilikuwa kwetu, Kirumba. Watu walikaa kwenye mikeka uani, katikati ya majabali mawili ambayo kwingine yangeshalipuliwa kwa baruti, lakini Mwanza unajenga pembeni yake na kuyaanikia nguo. Bibi hakukaa mkekani. Alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, anachemsha makande ya kuuza Mwaloni alfajiri. Juu ya kifuniko cha sufuria kulikuwa na jiwe, ukubwa wa ngumi mbili, jeusi kwa masizi mpaka linang'aa. Jiwe lile lilikuwa na cheo nyumbani. Tulihama nalo kutoka Igombe, likiwa limefungwa kwenye shuka pamoja na vyombo, na mtoto aliyethubutu kulivunjia karanga alichapwa.

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba kuchangia."

Nikaeleza kwamba kiberiti cha humo si cha njiti, ni salfa, ile ya njano. Salfa huyeyuka kwenye nyuzi joto 115 na kuchemka kwenye 445. Ikipita hapo inageuka mvuke. Sasa Maandiko yamesema ziwa, hayakusema ukungu wala wingu. Ziwa ni kimiminika. Kwa hiyo jehanamu, kwa ushahidi wa Biblia yenyewe, haiwezi kupita nyuzi 445.

"Na mkaa wa Bibi ule pale," nikaendelea, kwa sababu watu walikuwa wameanza kucheka na mimi sijui kuacha, "kwa wekundu ule umeshapita 600. Bibi anakaa kwenye moto mkali kuliko wa jehanamu kila siku ya Mungu, na mnamwona yuko mzima."

Mzee mmoja mvuvi hakucheka. Akaniuliza, "Kijana, kwenye hizo nyuzi zako, sangara anaiva?"

Nikamwambia mafuta ya kukaangia hayafiki hata 200, kwa hiyo sangara angeungua akawa mkaa.

"Basi inatosha," akasema.

Mwenyekiti akataka kutuvusha kwenye matangazo. Ndipo Bibi, bila hata kugeuka, akasema, "Mume wangu." Aliniita hivyo tangu nikiwa mdogo. "Hiyo salfa yako, wakati unaichemsha, uliifunika?"

Ukweli ni kwamba sikuwahi kuichemsha. Maabara yetu ilikuwa na mabomba ya gesi yasiyo na gesi. Nyuzi 445 nilizinakili ubaoni. Nikajibu tu, "Hapana, Bibi."

"Mwenyekiti, nisomee sura ya nyuma yake, pale joka linapofungwa."

Mwenyekiti akarudi sura ya 20, mstari wa 3: joka linatupwa kuzimu, linafungwa, na muhuri unatiwa juu yake. Bibi akachukua mwiko akaligonga jiwe lake mara mbili, ko, ko.

"Kumefunikwa," akasema. "Na juu wameweka kitu. Makande yasiyofunikwa hapa Mwanza yanaiva saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, na kibaya zaidi nilijua kwa nini sina. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kidogo, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ukiubana mvuke, kiwango cha kuchemka kinapanda. Na daftari langu la kemia, ukurasa uliofuata ule wa 445, lilikuwa na njia ya Frasch ya kuchimba salfa: maji ya nyuzi 170 yanasukumwa ardhini kwenda kuiyeyusha, na kwenye nyuzi zote hizo bado ni maji, kwa kuwa yamebanwa. Yale mabomba matatu, moja ndani ya jingine, nilikuwa nimeyachora kwa kalamu nyekundu na kupata alama zote.

"Kwa hiyo joto ni ngapi?" mwenyekiti akauliza. Sasa alikuwa amenogewa.

"Inategemea uzito wa kifuniko."

Yule mvuvi akasonya. Mchango wa ujenzi ulikusanywa vizuri sana jioni ile.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa chuo na bado linaniuma. Nikakaa nikapiga hesabu: jiwe la kilo mbili juu ya kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 30 haliongezi hata sehemu ya kumi ya nyuzi moja. Halafu, kuisoma tena ile sura, nikaona muhuri umetiwa kuzimu, na ziwa la moto linakuja mstari wa 10, mahali pengine kabisa, ambapo hapajatajwa kifuniko chochote. Nyuzi zangu 445 zilikuwa salama! Likizo nilifika nyumbani na karatasi mfukoni.

Bibi alinisikiliza huku akichambua maharage. Nikaanza na jiwe.

"Kwa hiyo halina kazi?"

"Kwa hesabu, Bibi, halina."

"Liondoe."

Nikaliondoa kwa kitambaa. Haikupita dakika kifuniko kikaanza kurukaruka, povu likapanda, likamwagikia jikoni, na mkaa wa upande mmoja ukazima kwa mlio.

"Rudisha," akasema.

Ya mstari wa 10 sikuifikia. Nilikuwa nimepiga magoti, napuliza moto.