Siku moja maishani mwangu: kalavati limeng'olewa, kijito bado hakijapona

Nikisema kazi yangu ni kurekebisha vijito, swali linalofuata huwa nalijua: "Si mnang'oa tu kalavati, maji yajipitie?" Basi nimeona niandike siku moja ya kazi, saa kwa saa, kwenye kijito ambacho kalavati lake, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, limeshatolewa na barabara iliyopita juu yake imefungwa moja kwa moja. Bomba lenyewe lilitoka bila shida. Ekskaveta ilifukua pande zote, ikalinyanyua, likaja zima. Kazi ilianzia hapo.

Saa 11:30 alfajiri

Bado giza. Nawahi kabla ya wenzangu kwa sababu ya pampu. Tunapojenga upya sakafu ya kijito, maji hayapiti katikati ya kazi. Tumeyakinga upande wa juu kwa viroba vya mchanga, pampu inayavuta, yanapita pembeni ndani ya mpira mrefu na kurudi kijitoni chini ya eneo letu. Pampu ikizimika usiku, viroba vinafurika na kila tulichopanga kinafukiwa na tope. Kwa hiyo nikiwa bado njiani natega sikio. Nikisikia ngurumo yake, moyo unatulia.

Mlinzi wa usiku ananiambia haikuzima. Natoa majani kwenye kichujio cha mdomo wa mpira, chenye matundu madogo ili samaki wachanga wasifyonzwe. Mafuta ya pampu yanahifadhiwa kama mita 30 kutoka kwenye maji, na mashine zote hujaziwa huko huko, hata kama ni usumbufu. Kisha nakagua nyavu mbili, ya juu na ya chini, zinazozuia samaki wasiingie sehemu tuliyoikausha. Waliokuwemo tuliwahamisha kwa ndoo, pamoja na viluwiluwi na kaa. Lakini usiku wengine huja na kuusukuma wavu wa chini wakitaka kupanda. Nikiwaona pale, najua ninachofanyia kazi.

Saa 1:00 asubuhi

Wenzangu wamefika. Tunasimamisha leveli, darubini ya kupimia vimo vya ardhi, kijana mmoja anashuka na fimbo ya vipimo, tunaanza kusoma sakafu kutoka juu hadi chini.

Niwaeleze kwa nini tunapima kila asubuhi. Kalavati lilikuwa na kipenyo cha sentimita 90. Kijito chenyewe, ukikipima mahali ambapo barabara haikukigusa, kina upana wa karibu mita 3 kikijaa hadi ukingoni. Maji ya mita 3 yalilazimishwa kupenya kwenye tundu lisilofika hata mita moja. Yalipotokea upande wa pili yalikuwa na kasi ya kuchimba, na yakachimba kweli. Sakafu ilishuka mwaka hadi mwaka mpaka mdomo wa bomba ukawa unaning'inia sentimita 60 juu ya maji. Samaki mwenye urefu wa kidole hawezi kuruka sentimita 60. Hata angeweza, ndani ya bomba hakuna jiwe la kujibanza nyuma yake apumzike. Ni kasi tupu mwanzo hadi mwisho. Upande wa juu mambo yalikuwa kinyume. Maji yalisimama yakisubiri nafasi ya kupita, yakaacha mchanga na tope, kijito kikajaa kikawa tambarare.

Sasa toa bomba, halafu ondoka. Umeacha ngazi ya mita nzima kati ya juu na chini, na udongo wa ngazi hiyo ni laini. Maji yataanza kuila. Na haitabaki pale pale: itapanda kuelekea chanzo mvua baada ya mvua, ikiangusha kingo pamoja na miti iliyosimama juu yake. Tope lote hilo litaenda kutua chini, kwenye changarawe walikotaga samaki. Mayai yaliyojificha katikati ya kokoto hupata hewa kutoka kwenye maji yanayopenya humo, na tope likiziba yanakufa. Ndiyo maana naumia ninapoambiwa tung'oe tuende zetu.

Mteremko wetu ni mita 1 ndani ya mita 25, yaani asilimia 4. Kwenye mteremko wa namna hiyo kijito chenyewe hujijengea ngazi ndogo za mawe, kila ngazi na kidimbwi chake. Sehemu ya juu ambayo haijaguswa iko hivyo, tuliipima, na ndiyo tunayoifuata: ngazi sita, kila moja ikishuka kama sentimita 16, kimo ambacho samaki mdogo anakimudu.

Saa 2:00 hadi saa 5:00

Mawe. Opereta wetu ana mkono mwepesi kuliko opereta yeyote niliyefanya naye kazi. Jiwe la ngazi haliwekwi juu ya mchanga. Kwanza tunachimba chini ya kiwango cha sakafu, tunalaza jiwe la msingi, kisha jiwe la juu linakaa juu yake likiwa limeinama kidogo kuelekea maji yanakotoka, ili mafuriko yakija yaligandamize badala ya kulibingirisha. Mimi nasimama pembeni na mtaimbo, namwonyesha kwa vidole: kushoto, shusha, simama. Jiwe likigusa nasukuma kwa mtaimbo. Likicheza hata kidogo, linanyanyuliwa na kuwekwa upya.

"Dada, hili limekaa," ananiambia kutoka juu ya mashine.

"Bado, kaka. Sikia." Nikaligonga, likalia kwa chini kama mlango usiofunga vizuri. Akalinyanyua bila kununa. Mawe ya pembeni lazima yazame ndani ya kingo, la sivyo maji yatazunguka nyuma yake na kuiacha ngazi imesimama peke yake mahali pakavu.

Saa 5:00

Anakuja mzee mmoja ambaye aliitumia barabara hii miaka yote. Namwamkia, anajibu, halafu anasimama kutazama mawe huku akitikisa kichwa.

"Mwanangu, mngeweka bomba kubwa zaidi mkamaliza."

Swali la haki kabisa, nikalijibu kwa heshima. Hapa barabara haihitajiki tena, kwa hiyo hakuna sababu ya bomba lolote. Ingekuwa bado inatumika, tungeshauri daraja dogo, au kalavati pana kuliko kijito chenyewe, lililofukiwa chini kiasi cha sakafu ya mawe na changarawe kupita ndani yake, samaki asijue kwamba juu yake kuna magari. Nikamsimulia pia habari ya jimbo la Washington, Marekani. Makabila 21 ya wenyeji wa asili yalilipeleka jimbo mahakamani mwaka 2001, kwa hoja kwamba mikataba ya miaka ya 1850 iliwahakikishia haki ya kuvua, na haki hiyo haina maana iwapo makalavati ya barabara yanawazuia samoni kupanda kutaga. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2018 majaji waligawanyika 4 kwa 4, hukumu iliyowapa makabila ushindi ikabaki palepale, na jimbo likalazimika kuendelea kuyarekebisha.

Mzee akasikiliza hadi mwisho. Akasema zamani, kabla ya barabara, walikuwa wakivua huko juu. Akaondoka. Nilitamani mhandisi yeyote anayechora barabara angekuwepo aisikie sentensi ile.

Saa 7:00 mchana

Tunakula haraka, kivulini, mabuti yakiwa miguuni.

Saa 8:00 na kuendelea

Hapa ndipo siku ilipotuelemea.

Ngazi zote zilikuwa tayari, na katikati yake tulishajaza kokoto. Kabla ya kurudisha maji yote, huwa tunayaachia kidogo kidogo, ili tuone yanavyotembea. Nikafungua kiroba kimoja. Maji yakashuka kwenye ngazi ya kwanza vizuri, yakaingia kidimbwi cha kwanza, yakapotea. Yalizama katikati ya kokoto na kutokea chini kabisa, kwenye shimo tulilochimba kukusanyia tope. Kati ya hapo na pale, mawe makavu. Kijito kinachopita chini ya mawe hakimfai samaki yeyote.

Kwa kiasi fulani tulilitarajia hilo. Sakafu mpya yoyote ya mawe ina mianya mingi, na kijito cha asili huziba mianya hiyo kwa mchanga na udongo wa miaka mingi. Ndiyo maana tuliagiza mchanganyiko: mawe, kokoto, changarawe, mchanga, hadi udongo laini. Lakini waliotuletea shehena ya mwisho walikuwa wameziosha kokoto zikang'aa, tena karibu zote saizi moja. Za kujengea nyumba zingekuwa nzuri. Nilipopiga simu nikaambiwa hizo ndizo bora. Hazikuwa bora kwetu, na lori lingine lisingefika siku hiyo. Mbingu nayo ilishaanza kujikusanya upande wa juu.

Tulichokuwa nacho ni lundo la mchanga na tope tulilolichimba upande wa juu, ule ule ambao kalavati liliuzuia usishuke kwa miaka yote. Niliagiza usitupwe, uwekwe mbali na maji na ufunikwe turubai. Ni mali ya kijito, na sasa ulikuwa umepata pa kurudi.

Nikarudisha kiroba, tukaanza kwa chepe na ndoo. Ekskaveta haisaidii kitu hapa, ni mikono tu. Unamwaga chepe mbili tatu juu ya kokoto. Mwenzako anamwagia maji kwa mpira, taratibu, asiusombe. Wewe unachokoachokoa kwa mtaimbo mpaka mchanga unyonyeke chini. Unaona uso wa kokoto unabaki wazi tena, kana kwamba hukumwaga kitu. Unamwaga tena. Unakanyaga kwa kisigino. Tena. Mchanga ukizidi laini unapita moja kwa moja hadi chini, ukizidi mkubwa unakwama juu na kuacha uwazi chini yake, kwa hiyo lazima uanze na changarawe ndogo, ufuatishe mchanga, umalizie na udongo. Alama ya kwamba mahali pamekubali ni moja tu: maji yanatuama juu. Yanatengeneza kioo kidogo, unahesabu, hayazami. Unasogea hatua moja.

Hatua moja ndani ya mita 25, tena kwa upana wote hadi chini ya kingo.

Maji machafu ya kuoshea yalikuwa yakikusanyika kwenye shimo la chini, na pampu ndogo ikiyapeleka kwenye majani mbali na kijito yachujike. Kila baada ya muda nilikimbia kuchota chupa mbili, ya juu ya eneo letu na ya chini, nikaziinua kwenye mwanga kuzilinganisha. Zikitofautiana tunasimama. Safari moja chupa ya chini ilikuwa na ukungu, tukasimama, vijana wakaketi juu ya mawe bila kusema neno hadi shimo lilipokaushwa. Kupumzika kwa namna ile kunachosha kuliko kazi.

Sijui ilikuwa saa ngapi tulipofika ngazi ya tatu. Mgongo ulikuwa umekufa ganzi, viganja vya mdogo wetu kwenye timu vimechubuka, nikampa glavu zangu akakataa. "Dada, na wewe utashikia nini?" Opereta akazima mashine yake, akashuka, akachukua chepe. Hakuna aliyemwomba, na kwa mujibu wa mkataba wake alikuwa ameshamaliza. Watu kama huyu ndio wanaofanya nisiiache kazi hii.

Mawingu yakapita bila kudondosha kitu.

Jioni

Jua likiwa limeinama, nikafungua tena kiroba kimoja. Maji yakaingia kidimbwi cha kwanza, yakajaa, yakamwagika kwenye ngazi ya pili. Cha pili kilichukua muda, kiwango kikashuka, nikadhani tumerudi kulekule, kisha kikapanda. Cha nne kilivuja pembeni kwenye ukingo wa kushoto. Tukaziba kwa udongo na kukanyaga. Kisha cha tano. Kisha cha sita, na maji yakaungana na kijito cha chini yakiwa juu ya mawe, yakionekana njia nzima.

Tuliyaongeza polepole, kiroba baada ya kiroba, tukinyonya yale ya mwanzo yenye tope mpaka chupa mbili zikafanana. Ndipo nikazima pampu kubwa. Nyavu zote mbili zikatolewa hapo hapo, kwa sababu njia ikishafunguka hakuna haki ya kuifunga hata kwa usiku mmoja.

Kesho ni kazi ya kingo: tumezilaza zisiwe wima, tutazitandika matandiko ya nyuzi za makumbi na kuzikaza kwa vigingi vya mti. Baadaye ardhi ikishalowa tutachomeka vijiti vya miti ya mtoni inayochipua, theluthi mbili ya kila kijiti ikiwa ardhini, macho yake ya kuchipulia yakiangalia juu. Baada ya mvua kubwa ya kwanza tutarudi na leveli. Mawe madogo yatakuwa yamehama, na yanatakiwa yahame, maana ndivyo kijito kinavyojipanga. Yale ya ngazi yakiwa bado yamekaa nilipoyaacha, nitajua jioni ile hatukuipoteza bure.