Bomba la majitaka la nyumbani Tukuyu: tulivyolitengeneza bila kuchimba ua

Kwa miaka kadhaa shimo la majitaka la nyumbani kwetu Tukuyu lilikuwa likijaa mvua zinapokolea na kutulia kiangazi, ilhali idadi ya watu wanaoishi pale ni ileile na matumizi yao ya maji hayajabadilika. Dalili hiyo ilitufanya tushuku kwamba tatizo halikuwa shimo lenyewe bali bomba linaloingia humo. Bomba la majitaka lenye nyufa hufanya kazi pande mbili: ardhi ikiwa kavu, uchafu hutoka ndani ya bomba na kuingia kwenye udongo; ardhi ikishiba maji, maji ya mvua huingia ndani ya bomba na kwenda kulijaza shimo ambalo halikujengwa kupokea mvua. Wilaya yetu ya Rungwe ni miongoni mwa zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania, kwa hiyo maji yanayoingia kwenye ufa mdogo si machache. Tulikuwa tukiita gari la kunyonya majitaka, linaondoka, na baada ya muda mfupi vyoo vinaanza tena kulalamika.

Mafundi wa mwanzo walipendekeza kilichozoeleka, yaani kuchimba mtaro kutoka nyumbani hadi shimoni, kung'oa bomba lote na kulaza jipya. Mama alikataa kabla hawajamaliza maelezo. Bomba letu linatoka nyuma ya nyumba, linapita chini ya ua na kukaribia sana makaburi ya babu na baba, kwa kuwa kwetu watu huzikwa nyumbani. Baba mdogo naye alisema wazi kwamba jembe haliwezi kupita pale bila wazee wa ukoo kukaa, na kwamba hata wakikaa hajui watasema nini. Mimi nilikuwa na hofu nyingine, ya kifundi tu. Udongo wetu umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, unachimbika kwa urahisi na unamomonyoka kwa urahisi uleule. Mtaro wenye kina cha mita moja na nusu, usioegemezwa mbao pembeni, katika udongo ulioloa, ni hatari kwa aliyemo ndani yake na kwa chochote kilichojengwa kando yake, makaburi yakiwemo.

Ndipo tulipoanza kuuliza kuhusu njia za kutengeneza bomba likiwa palepale lilipo. Njia hizo si ngeni duniani. Mhandisi Mwingereza Eric Wood alitandika kitambaa chenye gundi ndani ya mfereji wa majitaka wa Hackney, London, mwaka 1971, na hataza yake ya Marekani, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ilitolewa mwaka 1977. Jambo la kwanza ambalo ningemshauri mtu yeyote, hata hivyo, halihusu njia ya kutengeneza. Asikubali kununua dawa kabla ugonjwa haujaonekana, na ugonjwa wa bomba huonekana kwa kamera.

Fundi tuliyempata Mbeya mjini alikuja na kamera ndogo iliyofungwa mbele ya waya mgumu unaosukumwa kutoka kwenye chemba. Kabla ya kuiingiza alisafisha bomba kwa maji yenye shinikizo kubwa, kwa sababu kamera haioni kitu ndani ya matope. Kichwa cha kamera kina kifaa kinachotoa mawimbi, na mtu mwingine akitembea juu ya ua na chombo cha kuyapokea anaweza kuonyesha kamera imefika wapi na iko kina gani. Kwa njia hiyo tulichora mstari wa bomba kwa chokaa juu ya nyasi, tukagundua kwamba halikupita pale sote tulipodhani. Mama alifurahi zaidi kwa hilo kuliko kwa kazi nyingine yote, maana mstari ulikuwa mbali kidogo na kaburi la baba kuliko tulivyoamini.

Picha zilionyesha bomba la udongo wa kuchoma la inchi 6, lililoungwa vipande kwa vipande kwa saruji. Katika maungio mengi saruji ilikuwa imekatika, na mizizi imepenya. Mizizi haivunji bomba zima kwa nguvu kama watu wanavyodhani. Huanza ikiwa myembamba kama unywele, inafuata unyevu unaovuja kwenye ungio, na ikishaingia hunenepa na kutanua ule ufa. Kipande kimoja kilikuwa na ufa mrefu kwa juu. Lakini bomba halikuwa limezama popote, na umbo lake la duara lilikuwa bado lipo. Hilo la mwisho ndilo lililoamua kila kitu, kwa sababu karibu njia zote za kutengeneza bila kuchimba hufuata bomba la zamani lilivyolala. Kama bomba limebonyea katikati na kufanya bwawa, bitana jipya litabonyea vilevile na bwawa litabaki. Kama fundi wa kwanza alilaza bila mteremko wa kutosha, hakuna gundi itakayouleta. Na kama kipande kimeporomoka kabisa, hakuna kitu kitakachopita hapo hadi kifukuliwe.

Njia ya Wood ndiyo inayosifiwa zaidi, na inastahili. Kitambaa kizito kilichoshonwa kama soksi ndefu hulowanishwa kwa resini, yaani gundi ya majimaji inayokauka na kuwa ngumu, kisha husukumwa ndani ya bomba kwa hewa au maji huku kikigeuzwa, upande uliokuwa ndani ukitoka nje, ili resini igusane na ukuta wa bomba la zamani. Hubanwa na shinikizo hadi resini iwe ngumu, ama kwa kungoja, ama kwa maji ya moto, mvuke au mwanga wa urujuanimno. Kinachobaki ni bomba jipya lisilo na maungio ndani ya lile la zamani, lenye unene wa milimita chache tu. Kwa nyumba zenye bomba la inchi 4 sioni njia bora kuliko hiyo, kwa kuwa nafasi inayopotea ni ndogo na ukuta mpya ni laini. Palipo na ufa mmoja tu, hutumika kipande kifupi cha kitambaa hichohicho kama kiraka. Matawi yanayoingia bombani, kwa mfano la bafu, hufunikwa na kitambaa na lazima yakatwe upya kutoka ndani kwa mashine ndogo. Mkandarasi asiye na mashine hiyo atakuziba bafu lako na kukuacha.

Kwa watu wa nyanda za juu kuna jambo moja la kuangalia kwa makini, nalo ni baridi. Resini hukauka kwa mmenyuko wa kikemia, na joto likishuka kwa nyuzi 10 muda wa kukauka unaweza kuongezeka maradufu. Muda aliouzoea fundi wa Dar es Salaam hauwezi kuwa muda wa Tukuyu, Makete au Njombe mwezi Julai. Akitoa shinikizo mapema kitambaa hunyauka na kuacha mikunjo, na mikunjo hiyo ndiyo itakayokamata karatasi miaka yote inayofuata. Baadhi ya resini pia hutoa harufu kali ya kemikali iitwayo stireni, ambayo si ya kuvuta. Madirisha yafunguliwe na viziba harufu vya sakafuni vijazwe maji.

Njia nyingine ni kulipasua bomba la zamani. Kichwa cha chuma chenye umbo la pia huvutwa ndani yake, kinalivunja na kuvisukuma vigae pembeni kwenye udongo, huku nyuma yake kikiburuta bomba jipya la plastiki. Ilianza Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya mabomba ya gesi ya chuma cha kusubu, na faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuweka bomba lenye ukubwa uleule au hata kubwa zaidi. Sisi hatukuitaka. Vigae vinaposukumwa, udongo wa juu na wa pembeni nao hutikisika, na jirani wa bomba letu unamjua. Nisingeishauri pia kwenye viwanja vya Iringa ambako mtaro ulichongwa kwenye mwamba, maana vigae havina pa kwenda, wala kwa mabomba ya zamani ya saruji yenye asbesto, ambayo hayafai kuvunjwavunjwa ovyo.

Tuliyoichagua ni njia ya zamani kuliko hizo mbili na ni rahisi kuielewa: kupitisha bomba dogo ndani ya bomba kubwa. Bomba la inchi 6 lina upana wa ndani wa karibu milimita 150. Bomba jeusi la HDPE, aina ya plastiki ngumu, lenye kipenyo cha nje cha milimita 110 linapita humo bila shida na kuacha ndani nafasi ya kama milimita 100, ambayo inatosha choo cha nyumba. Laiti bomba la zamani lingekuwa la inchi 4, nisingethubutu. Vifaa vyake vinapatikana Mbeya, na mafundi wanaojua kuyaunganisha mabomba hayo kwa joto ni wengi kwa sababu ndiyo yanayotumika katika miradi ya maji.

Kuchimba kulikuwepo, nisidanganye, ila kidogo na mbali na makaburi. Bomba gumu haliwezi kukunjwa ndani ya chemba, kwa hiyo upande wa shimo la majitaka ulichimbwa mtaro mfupi unaoteremka polepole hadi kwenye mdomo wa bomba la zamani. Vipande viliunganishwa juu ya ardhi, na kila ungio likakwanguliwa ndani, kwa kuwa joto huacha ukingo wa plastiki ambao kwenye bomba la maji safi hauna neno lakini kwenye majitaka hunasa uchafu. Mizizi ilikatwa kwa kisu cha kuzungushwa kwenye waya, kamera ikapita tena, kisha bomba likavutwa kwa winchi ya mkono iliyofungwa upande wa nyumba.

Mama alitaka kila kitu kifungwe jioni ileile ili vyoo vitumike. Fundi akamwambia, "Mama, naomba uliache lilale. Limeota jua mchana kutwa, usiku litajikunyata." Alisema kweli. Plastiki hiyo hutanuka na kusinyaa sana; bomba la mita 20 likipoa kwa nyuzi 20 linaweza kufupika kwa sentimita 6 hadi 8, na lililokatwa na kuungwa likiwa na joto litachomoka kwenye ungio lake lenyewe litakapopoa. Asubuhi ndipo lilipopimwa, likakatwa na kuungwa.

Uwazi uliobaki kati ya mabomba mawili ulijazwa uji mwepesi wa saruji, ili bomba jipya lisichezecheze na mizizi isipate njia. Hapa pana mtego. Plastiki ni nyepesi kuliko uji wa saruji, kwa hiyo bomba huelea na kuharibu mteremko wake. Lazima lijazwe maji kwanza na uji umiminwe kwa awamu. Maji ya jikoni, yaliyokuwa yakiingia katikati ya bomba la zamani, yalihamishiwa kwenye chemba ya juu kwa bomba fupi linalofuata ukuta. Mwisho bomba lilizibwa kwa chini, likajazwa maji hadi chemba ya juu, likaachwa kwa nusu saa huku tukitazama alama ya maji. Alama haikushuka, ndipo fundi akalipwa sehemu ya mwisho ya fedha zake. Mkandarasi anayekataa kipimo hicho, au anayekataa kukuachia video ya kamera ya kabla na baada, mwache aende.

Jambo moja sikulipenda katika kazi yote. Kibarua mmoja alitaka kushuka ndani ya shimo la majitaka kuchukua koleo lililoanguka, na wenzake hawakuona ajabu. Hewa ya humo inaweza kumwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Koleo lilivutwa kwa kulabu.

Mvua za msimu uliofuata zilipokolea shimo halikujaa. Mchoro wa bomba, wenye vipimo kutoka kona za nyumba na kina chake, tumeuhifadhi pamoja na hati ya kiwanja, na nakala anayo mdogo wangu, kwa sababu anapanga kujenga jiko la nje na msingi wake unaweza kupita juu ya mstari huo.