Wofarini, kisamvu na moyo wa baba

Mshtuko wa moyo wenyewe baba aliuvuka. Kilichotuhangaisha ni kilichofuata. Kwenye kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, daktari alituonyesha ncha ya chumba cha chini cha kushoto cha moyo: misuli imekufa, ukuta umekuwa mwembamba na umetuna nje. Damu hutuama pale na kuganda, na bonge likichomoka likapanda kichwani, ni kiharusi. Bonge tayari lilikuwepo.

Upasuaji wa kuondoa sehemu iliyotuna upo, lakini kwa kawaida hufikiriwa pale moyo unapoelemewa au mapigo yanapovurugika licha ya dawa. Baba alianzishiwa wofarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa angalau miezi 3.

Dawa hiyo ina masharti. Kipimo chake cha damu, INR, kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, kilitakiwa kisome kati ya 2 na 3. Kikishuka, damu inaganda. Kikipanda mno, mtu anaweza kuvuja damu hata ndani kwa ndani. Majirani wakashauri tumkataze baba mboga za majani kabisa. Mzee wa Muheza umkataze kisamvu! Mfamasia ndiye aliyetunusuru. Alinieleza kuwa vitamini K iliyomo kwenye kisamvu, mchicha na matembele hupunguza nguvu ya dawa, ila kinachovuruga zaidi ni kula nyingi wiki hii na kuacha wiki ijayo. Nikatenga kibakuli cha plastiki, kile cha kuwekea kachumbari. Mboga ya mchana ikawa kibakuli hicho kimoja, haizidi wala haipungui. Dawa saa 2 usiku, halafu alama kwenye kalenda ya ukutani.

Diklofenaki, dawa zake za maumivu ya magoti, niliziondoa nyumbani, maana zinaweza kumvujisha damu tumboni na kufanya mwili ushike maji. Mitishamba aliyoleta shangazi niliipokea kwa shukrani, nikaifungia kabatini.

Kila asubuhi, kabla ya chai, anapanda mizani. Akiongezeka kilo 2 ndani ya siku chache, hayo ni maji. Napiga simu kliniki, wanarekebisha furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini.

“Mwanangu, unanipima kama gunia la mahindi?”

“Ndiyo baba, panda.”

Eko iliporudiwa, bonge halikuonekana, na daktari akasimamisha wofarini. Ukuta bado umetuna vilevile, kwa hiyo dawa nyingine za moyo zinaendelea, na mizani pia.