Nilivyokielewa kiunzi cha seli kwa mshipi wa ami

Tangu mwanzo niliambiwa nikiruke kiunzi, yaani nyuzi za protini zinazoipa seli umbo. "Taja vipokezi, taja bakteria, keti," alinishauri mwenzangu mmoja aliyetutangulia katika masomo ya jioni, tena kwa sauti ya kunionea huruma. "Kiunzi ni boriti za nyumba tu. Boriti haisikii mwizi." Nikamwamini wiki nzima, hadi mhadhiri aliponikabidhi mada yenyewe: jinsi kiunzi cha seli kinavyosaidia vipokezi vya kinga ya asili, yaani protini za ulinzi tunazozaliwa nazo, kugundua bakteria. Dakika 15, mbele ya darasa zima.

Nikaanza na jeli. Usinicheke. Pakiti nne, na tambi, na mirija ya kunywea soda, yote mia nne na kitu. Tambi ziwe nyuzi za aktini, mirija iwe maikrotubuli, maana hizo ni nene zaidi: aktini ina upana wa nanomita 7 hivi, maikrotubuli 25. Zabibu kavu moja ndiyo bakteria wa Shigella, yule wa kuhara damu. Kazi ilipendeza, nikaitia friji, nikalala kama bwana harusi. Usiku stima ikapotea. Mombasa mwezi wa Machi, waijua. Asubuhi nikakuta supu nyekundu, tambi zimelegea kama minyoo, zabibu imezama haionekani. Dadangu akapiga picha akaitupa kwenye grupu ya familia, na hadi leo naitwa Profesa Jeli. Ukitaka kutengeneza mfano wa seli mji huu, usiguse kitu kinachotegemea friji.

Ijumaa nikavuka feri kwenda Mtongwe kwa ami, mvuvi. Sikwenda kusoma, nilikwenda kula. Nikamkuta barazani asuka dema, na kwa kuwa kichwa kilinijaa Shigella, nikamsimulia. Kwamba akishaingia katika seli ya utumbo hupasua kifuko kilichommeza, kisha huiteka aktini ya mwenye seli akajijengea mkia, na mkia ule ukamsukuma hadi seli ya jirani.

"Mwizi asukumwa na boriti za mwenye nyumba!" Ami akacheka hadi akakohoa.

Nikamwambia na seli nayo haikai bure. Mwaka 2010 Serge Mostowy na Pascale Cossart, wakiwa Institut Pasteur kule Paris, pamoja na wenzao, walieleza jinsi septini, nyuzi nyingine za kiunzi, zinavyomzunguka bakteria kama tundu asiende popote. "Kama dema lako, ami!"

"Silo," akasema. "Dema halimfuati samaki. Samaki hujitia mwenyewe."

Niliudhika, kwa sababu alisema kweli. Basi akachukua muhogo kwenye kapu la shangazi, mmoja uliobinyika katikati, akaanza kuusukia pete za fito. Moja kiunoni, nyingine kwenye ncha. "Pahala palipopinda ndipo ushikapo," akasema. Nami sikuwa nimemwambia kwamba septini nazo hupenda penye mpindo: kwenye ncha za bakteria, na katikati anapojigawa!

"Sasa mwenye nyumba ajuaje kuna mwizi?"

Hapo ndipo nilipokuwa nimekwama wiki tatu. Kipokezi kiitwacho NOD1 hutambua vipande vya ukuta wa bakteria, hiyo darasani kila mtu aijua. Lakini Salmonella, bakteria mwingine, huchoma ndani ya seli protini iitwayo SopE, inayowasha kupita kiasi Rac1 na Cdc42, swichi zinazoamuru aktini ijengeke, na NOD1 hushtuka kwa hilo pia. Pairini, kipokezi kingine, nayo ni kinyume: sumu ya bakteria Clostridioides difficile huizima RhoA, swichi nyingine ya kiunzi, na kuzimika kule ndiko kunakoiamsha. Sumu yenyewe haiigusi pairini. Moja hushtuka swichi ikiwashwa, nyingine ikizimwa, sikuona zinahusianaje.

Ami akachukua mshipi wake wa kuvulia, akanipa ncha moja. "Vuta." Nikavuta. "Nimejua. Sasa wachia." Nikawachia. "Nimejua pia. Umemwona samaki? Hukumwona. Mshipi ndio uliosema."

Nilivuka feri usiku huo nikijisemea peke yangu, watu wakinitazama: si lazima kipokezi kimwone bakteria, chatosha kihisi kiunzi kikivutwa au kikilegezwa.

Darasani niliwafunga wenzangu wawili kwa mshipi ule, mmoja avute, mmoja alegeze, muhogo ukizunguka mkono kwa mkono. Msichana mmoja akauliza kipokezi kikiharibika je? Swali la dhahabu: jeni ya pairini ikiwa na kasoro huleta homa ya kifamilia ya Mediterania, yaani kengele yalia na nyumba haina mwizi. Nilizidisha dakika saba, hakuna aliyenikatiza.

Yule mshauri wangu amenitumia ujumbe juzi, ataka slaidi. Nimemjibu muhogo umeshaliwa.