Pete ya wifi ililia namba walizoniambia nizizime

Nianze na lililoniudhi, maana ndilo lililonipotezea Jumamosi nzima. Kila niliyemuuliza kuhusu ditekta, ile mashine ya kutafutia metali mchangani inayolia na kuonyesha namba, alinijibu vilevile: "Dhahabu ina namba yake, dada. Ukiona namba kubwa na mlio mwembamba, chimba. Zile za chini na za kati ni takataka, zizime." Aliyeniuzia mashine alisema hivyo. Jamaa mmoja aliyewahi kukaa machimboni Geita naye alisema hivyo, tena kwa kiapo. Si kweli. Pete ya ndoa ya wifi yangu nimeipata kwenye mchanga wa Kigamboni, na nimeipata katikati ya namba zilezile walizotaka nizizime.

Ilipotea Jumatatu ya Pasaka. Tulivuka na pantoni ukoo mzima, na masufuria ya pilau, tukatandika mikeka chini ya mivinje. Wifi alivua pete awapake watoto mafuta, akaifunga kwenye pindo la kanga aliyokuwa ameikalia. Mvua ya masika mnaijua, haibishi hodi. Ilipoporomoka, kila mtu akanyakua chake na kukung'uta na kukimbia. Tulipokuwa kwenye bajaji kurudi kivukoni ndipo alipopapasa lile pindo, akaninong'oneza, "Wifi, nimekwisha." Akaniomba nisimwambie kaka kwanza. Nikamwahidi, maana ditekta ninayo.

Ni mashine ya kawaida ya kujifurahisha, ya mtumba, nilitoa kama laki nne na kitu pamoja na hedifoni. Asubuhi za Jumapili nilikuwa napita nayo Coco Beach, naokota sarafu na vizibo, basi. Dhahabu sikuwahi kuitafuta kwa makusudi.

Jumamosi ya kwanza niliharibu kwa kumsikiliza mzee mmoja pale ufukweni aliyesema bahari imeshaivuta pete, nikatafute mchanga wa maji. Nikashuka. Mashine ikaanza kulia kama mtoto mwenye homa: 4, 19, 31, 7, bila kutulia, hata pale ambapo hapakuwa na kitu. Baadaye ndipo nilipoelewa. Maji ya chumvi yanapitisha umeme, na mashine ya masafa (frikwensi) mamoja kama yangu inauona mchanga uliolowa chumvi kana kwamba nao ni metali hafifu. Nikashusha usikivu mpaka nusu, ikanyamaza. Lakini ukishaushusha kiasi hicho, pete nyembamba iliyozama kidogo huisikii tena. Zaidi ya hapo maji yalikuwa yanajaa, nikawa narudishwa nyuma hatua kwa hatua mpaka nikatoka.

Jumamosi ya pili nikarudi kwenye mchanga mkavu, palepale kwenye mivinje yetu. Hapo nikafuata ule ushauri mkuu: nikazima namba zote za chini na za kati ili nisisumbuliwe na takataka. Kulikuwa kimya kizuri ajabu. Nilitembea kwa saa nne, nikapata sarafu kadhaa, kijiko na kitasa cha kufuli. Nilirudi nyumbani nimeridhika kwamba pale pete haipo. Ilikuwepo. Kwa hesabu yangu koili, ile sahani ya chini ya mashine, ilipita juu yake si chini ya mara tatu, na mimi ndiye niliyeiamuru mashine inyamaze.

Jumapili yake nilimwomba mama sanduku lake la vito. Nikaweka ditekta juu ya meza ya plastiki (ya mbao ina misumari, itakudanganya), nikavua bangili na pete zangu mwenyewe, nikawa napitisha kitu kimoja kimoja juu ya koili na kuandika kwenye daftari. Mashine yangu inasoma hadi 99. Bangili pana ya karati 22 aliyoachiwa na bibi: 81, mlio mzuri. Pete nene ya marehemu baba: 64. Hereni ya duara ikiwa imefungwa: 38. Hereni ileile nikiifungua pale kwenye kibanio: ikashuka hadi 20 na kukatika-katika. Kipini cha pua: kimya, mpaka kiguse koili kabisa. Na kilichonishangaza kuliko vyote ni cheni. Cheni ndefu, nzito mkononi, ya thamani kuliko pete zote mbili, na mashine haikusema neno. Nikiikusanya kwenye kiganja, kimya. Nikiinyoosha, kimya. Kilicholia kidogo ni kile kibanio chake cha nyuma.

Nilikaa na daftari lile jioni nzima. Ukielewa kazi ya koili, yote yanakaa sawa. Koili inatoa uga wa sumaku, uga unaamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya metali, na mashine inasikiliza jinsi mkondo ule unavyorudisha jibu. Namba si jina la metali. Ni jinsi umeme unavyozunguka ndani ya kitu hicho: kwa upana, kwa unene, kwa umbo. Pete ni duara kamili, umeme unazunguka vizuri. Hereni iliyofunguliwa imekatika njia. Cheni ni vipete vidogo mamia vinavyogusana kwa shida, kwa hiyo mashine haioni cheni, inaona kipete kimoja kimoja, na kipete kimoja ni kidogo mno. Halafu kuna mchanganyiko. Dhahabu tupu inapitisha umeme vizuri kuliko aluminiamu, lakini pete zetu si dhahabu tupu. Ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75, ya karati 9 ina 37.5, kilichobaki ni shaba, fedha na vinginevyo, na mchanganyiko huo unapitisha umeme vibaya kuliko dhahabu yenyewe. Ndiyo maana pete nyembamba ya mwanamke inaangukia palepale inapoangukia karatasi ya foili ya chipsi na kile kidude cha kufungulia kopo la soda. Anayezima foili na vidude anaizima na pete.

Sasa nikawa nataka namba ya pete ya wifi hasa. Ilichongwa Kariakoo, na wifi akakumbuka duka. Nikaibeba ditekta ndani ya mfuko wa salfeti, nikamwendea sonara. Alipoiona mashine alisimama. "Mama, hapa hatupimiwi mzigo na mteja." Nikamweleza yote: Pasaka, mvua, pindo la kanga, kaka asiyejua. Akanitazama kwa muda, kisha akafungua kabati lake la kioo na kutoa trei. "Mfano wake ninao. Ile ilikuwa gramu mbili na kidogo, ndani ina chapa 750, yaani karati 18." Dukani haikuwezekana, taa na mizani vilikuwa vinaifanya mashine ipige kelele, basi akatoka nami hadi kibarazani, akaishika pete mwenyewe kwa kibano cha plastiki, hakuniachia. Akaipitisha juu ya koili. 48. Tena. 47. Akaigeuza isimame ubavu: 44, na sauti ikawa nyembamba. Akavutiwa, akaleta na pete ya fedha ya ukubwa uleule: 73. Akacheka, "Kumbe fedha ndiyo inayopiga kelele." Ndiyo hivyo. Fedha na shaba ndizo zenye namba kubwa walizonisifia watu.

Jumamosi ya tatu nilivuka na pantoni ya kwanza. Safari hii nilibeba kamba ya katani, vijiti, chekeche ya mchanga niliyoazima kwa fundi ujenzi jirani yangu, na jagi la plastiki la kuchotea. Nilifunga kamba kuzunguka pale tulipotandika mikeka, nikagawa vichochoro vya upana wa koili moja na nusu. Koili unaitembeza sambamba na mchanga, karibu kuugusa, na usiinyanyue mwishoni mwa mkono kama mtu anayefyeka. Wengi wanapotezea hapo. Nilifungua namba zote, nikajiwekea sharti moja: chochote kinachosoma kati ya 38 na 55 na namba haichezi, nachimba, hata kama roho inakataa.

Kizibo cha chupa nilijifunza kukiacha. Ni cha chuma, namba yake inaruka: 70, 35, 82, ukigeuka upande wa pili inabadilika. Kidude cha kopo hakiruki, kinakaa kama dhahabu, kwa hiyo nilivichimba vyote. Watoto walinifuata nyuma. "Anti, unatafuta bomu?" Nikawapa kazi ya kushika chekeche. Tulitoa vidude zaidi ya arobaini, vipande vya foili sijui vingapi, mfuniko wa dawa ya meno, hereni moja ya bati.

Kwenye kichochoro cha sita, karibu na mzizi wa mvinje, ilisoma 48. Nikageuka kulia: 47. Nikageuka tena: 48. Fupi, laini, haichezi. Nilichota jagi la kwanza, nikapitisha koili shimoni: bado. La pili, shimo likanyamaza. Kumbe ipo ndani ya jagi. Nikamwaga kwenye chekeche, mtoto akatikisa, na kabla mchanga haujaisha ikatokea ile rangi. Dhahabu haichakai na chumvi wala mvua, ilitoka kana kwamba imevuliwa asubuhi ile. Ilikuwa chini vidole vinne tu. Nilikaa chini nikampigia wifi, na alipopokea sikuweza kusema, nikabaki nalia, naye akaelewa.

Habari zimeenea mtaani. Juzi jirani alinijia na cheni yake, imepotea uani wakati wa kufua, anataka nilete mashine leo leo. Nikamuuliza, "Ina kitu kinachoning'inia?"

"Ina kikopa, mama watoto. Kinatosha ukucha wa kidole gumba."

Nikamwambia basi anipe hicho kikopa, au kingine kinacholingana nacho kama kuna mwenzake mwenye mfano, nikapate namba yake kwanza. Kikopa ndicho tutakachokitafuta, cheni itakuja imekishikilia.